Nimealikwa gurdwara ya Stockton Jumapili hii, niende vipi?

BintiPangani

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni.

Nina mwezi wa nne hapa Stockton, California. Mume wangu ni mwenyeji, mimi ndiye mgeni. Nimepata kazi kwenye kiwanda cha jozi, yaani walnut, kutwa nzima nimesimama kwenye mkanda tunachambua maganda na zilizooza. Anayesimama kando yangu ni mama mtu mzima wa Kipunjabi, Singasinga, kiwandani sote tunamwita Auntie. Kiingereza chake na changu vyote vya kuungaunga lakini tunasikilizana. Ndiye aliyenifundisha kuvaa glavu mbili, ya pamba ndani na ya mpira juu yake, vidole visichubuke. Sasa kaniambia Jumapili niende na mtoto kwenye hekalu lao, gurdwara. Mjukuu wake ametimiza mwaka na familia yao ndiyo inayopika siku hiyo.

Nataka kwenda, maana tangu nifike hapa hakuna mtu aliyenikaribisha popote ila yeye. Lakini nina maswali mpaka usingizi haunijii. Mimi Mwislamu, navaa hijabu, nitaruhusiwa? Nitatakiwa nisujudu? Wanapika nyama, na kama wanapika ni ya nani? Na mkono mtupu haulambwi, nibebe nini? Mwanangu ana miaka saba, hawezi kutulia dakika tano. Mume wangu anasema niombe udhuru, nimwambie naumwa. Sitaki kumdanganya Auntie.

Aliyewahi kuingia anieleze, tafadhali.

MzeeWaKibwezi

Ingia bila wasiwasi. Sisi tuliokuwa tunasafiri Nairobi kwenda Mombasa tulikuwa tunasimama Makindu kwa Makalasinga, unakula mpaka unatosheka, haulipi hata senti. California sijafika, ila dini ni ile ile.

AbuSwafiya

Wa aleikum salaam dada. Mimi sikukatazi, ila pima. Kutembelea jirani ni jambo jema, kushiriki ibada ya wengine ni jambo jingine. Nimesikia kuna kitu kitamu wanagawa mkononi baada ya dua yao. Hicho ni sadaka iliyoombewa. Ningekuwa mimi ningempelekea Auntie zawadi ya mjukuu nyumbani kwake, mambo yakaisha kwa heshima.

DerevaLathrop

Dada BintiPangani, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Mimi ni dereva wa lori, nakaa Lathrop, kama dakika kumi na tano kutoka kwenu. Huu ni mwaka wa tisa namwendeshea Mpunjabi mmoja mwenye malori matatu, na hiyo gurdwara ya Stockton nimekula mara nyingi kuliko nilivyokula kwa mashemeji zangu. Mimi ni Mkristo wa kusuasua, mambo ya halali na haramu namwachia AbuSwafiya. Nitasema ninayoyajua kwa magoti na kwa tumbo.

Siku ya kwanza nilipelekwa na bosi. Nilikuwa nimetoka kushusha nyanya kiwandani, ni mwezi wa nane, jua la bonde hili unalijua, na mimi sijala tangu asubuhi. Akaniuliza, umekula? Nikasema bado. Akasema twende. Nikadhani ni hoteli. Tunafika naona mlingoti mrefu umevishwa kitambaa cha rangi ya chungwa tangu chini hadi juu, na bendera kileleni. Ukiuona mlingoti huo popote Marekani jua ni kwao. Kwenye chumba cha viatu, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akanigusa mfuko wa shati kwa kidole kimoja. Hakusema neno. Akaonyesha nje nilikoegesha. Sikuelewa. Akagusa tena. Nikaangalia chini: pakiti ya sigara. Basi nikarudi mbio nikaiacha garini, nikanawa mikono, nikaingia. Tumbaku na pombe haviingii mle hata vikiwa mfukoni. Wewe hilo halikuhusu, lakini mumeo akija mwambie.

Hijabu yako ndiyo vazi lenyewe. Kila anayeingia anafunika kichwa, mwanamume, mwanamke, mtoto. Mlangoni kuna kikapu cha vitambaa kwa ajili ya watu kama mimi. Mwanao mfunge kitambaa chenye fundo nyuma, asipofungwa vizuri atakiangusha kila dakika na kila bibi atakayepita atakuja kumfunga upya. Vaa kitu kipana, mtakaa chini.

Ukumbini ni zulia tupu, hakuna kiti. Mbele kabisa, chini ya kitambaa kilichotandwa juu kama chandarua, kipo kitabu kimelazwa kwenye mito na kufunikwa hariri. Kitabu chenyewe ndicho wanachokiita Guru Granth Sahib. Kina kurasa 1,430, na wao hawasemi kurasa, wanasema viungo, kama vya mwili. Guru wao wa kumi, yaani mwalimu mkuu wa dini yao, Gobind Singh, mwaka 1708 alisema baada yake hakuna tena guru mtu, guru ni hicho kitabu. Kwa hiyo wanakitendea kama mfalme mwenye uhai: asubuhi kinaletwa, usiku kinalazwa kwenye chumba chake, na mchana kuna mtu anakipungia usinga mweupe. Si sanamu. Hakuna sanamu mle. Na hili nadhani litakuvutia: ndani yake mna mashairi ya Sheikh Farid, Sufi Mwislamu wa Punjab, yanaimbwa pamoja na ya magwiji wao wenyewe.

Watu wakiingia wanakwenda mbele, wanainama mpaka paji la uso linagusa zulia, wanatia dola kwenye sanduku, wanarudi kukaa. Wewe halikulazimu. Nimeona wageni wanaokwenda mbele wakasimama kimya kidogo wakaondoka, na nimeona wasiokwenda kabisa, wanapita pembeni wanatafuta pa kukaa. Katika miaka yote hii sijaona mtu amefuatwa akaulizwa kwa nini hukuinama. Wala hakuna atakayekuambia ubadili dini, hilo halimo katika mazungumzo yao. Mara nyingi wanawake wanakaa upande mmoja na wanaume upande mwingine. Miguu usiinyooshe kuelekea kitabu. Magoti yangu mimi ni ya dereva, baada ya nusu saa nalia kimoyomoyo, ndipo nikagundua wazee wote wenye magoti mabovu wanajipanga ukutani wakaegemea. Nami nikahamia huko na sijarudi katikati.

Mwishoni wote wanasimama kwa dua ndefu. Simama nao tu. Halafu mnashuka kula, na hapo ndipo penye mambo.

Chakula kinaitwa langar. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai. Si kwamba Masingasinga wote hawali nyama, bosi wangu kuku anamla vizuri sana nyumbani kwake. Ni kwamba jikoni kwa Guru kinapikwa kile ambacho yeyote atakayeingia anaweza kula, awe wa dini gani. Dengu, mboga, mtindi, wali wa maziwa, chai iliyochemshwa na maziwa kama ya kwetu, na chapati. Mnakaa kwenye mikeka mirefu, safu kwa safu, tajiri wa mashamba ya lozi pembeni ya mchuma zabibu, sinia za chuma zenye vyumba vyumba mbele yenu. Wagawaji wanapita na ndoo. Chapati ipokee kwa mikono miwili.

Nikakosea tena hapo. Kila sinia yangu ikipungua kijana mwenye ndoo anajaza, na mimi kwa malezi ya bibi yangu naona aibu kukataa. Wakati huohuo kuacha chakula pale ni aibu zaidi. Nilikula chapati saba. Bosi alinitazama mpaka machozi ya kicheko yakamtoka ndipo akanionyesha: unaweka kiganja juu ya sinia, unasema *bas*. Ni bas hiyo hiyo yetu! Nilikuwa nimeisahau kwa woga.

Kisha nikakosea la tatu. Namaliza, natoa dola ishirini nampa aliyenigawia. Yule bwana akarudisha mkono nyuma kama vile nimempa kaa la moto. Baadaye nikajua ni daktari wa meno. Anakuja Jumapili kugawa dengu. Hakuna anayelipwa kugawa na hakuna anayelipia kula. Ukitaka kutoa, sanduku liko ukumbini. Kwa hiyo habari ya mkono mtupu iko hivi: usipike kitu nyumbani ukapeleka. Peleka vitu vibichi, maziwa galoni mbili tatu, au mfuko wa unga, au sukari, unakabidhi jikoni. Wanafurahi kweli kweli. Maziwa ndiyo yanayokwisha haraka kwa ile chai.

Na mwanao asiyetulia, jikoni ndiko dawa yake. Watoto wanagawa vijiko na karatasi za kufutia mikono. Kazi hiyo wanaiita seva. Usimwachie Auntie akufanye mgeni mpaka mwisho. Ukishapeleka sinia yako kwenye masinki, kunja mikono uoshe na wengine.

Mimi mara ya pili nilijitia ujuzi nikaenda upande wa chapati. Nikawaambia akina bibi mimi chapati naijua, nimekulia pwani. Wakanipa kibao na kifimbo. Unga wao ni wa ngano nzima, maji tu, hauna mafuta, haukunjwi tabaka. Unasukuma mara tatu nne, unatupa kwenye bamba la chuma refu kama kitanda, mwingine anageuza, mwingine anaichomea motoni ivimbe kama puto, mwingine anapaka siagi. Yangu ya kwanza ilitoka kama ramani ya Madagaska. Bibi aliye kando yangu akaichukua, akaitazama mbele nyuma, akaikunja akaila mwenyewe, akanipa donge jingine. Hakucheka. Wale wengine ndio waliocheka.

Kuhusu mahali penyewe nitakueleza kidogo, maana bosi wangu hawezi kupita kwenye barabara ile bila kunihutubia. Hiyo unayokwenda ndiyo gurdwara ya kwanza ya kudumu Marekani nzima. Ilianzishwa 1912. Wawili wanaotajwa sana ni Jawala Singh na Wasakha Singh, wakulima wa viazi kwenye delta hapa magharibi ya mji, karibu na Holt. Wapunjabi wa wakati ule walikuwa vibarua, wanahama na mavuno, mara celery, mara viazi, mara zabibu, na hakuna wa kuwapangisha chumba. Hekalu ndilo lililokuwa kitanda na sufuria. Hata Wahindu na Waislamu wa Punjab walilala hapo wakala hapo.

Kisha sheria zikaanza kuwabana. 1913 California ikapitisha kwamba asiyeweza kuwa raia asimiliki shamba. 1917 ikafungwa njia ya kuja kutoka Asia, kwa hiyo mwanamume aliyeacha mke Punjab ndiyo basi. 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ikamwambia Bhagat Singh Thind, aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la nchi hii hii kwenye vita vya kwanza, kwamba yeye si mzungu kwa mujibu wa uelewa wa mtu wa kawaida, hivyo uraia hana haki nao. Wengine wakaoa wanawake wa Kimeksiko, hasa kule Imperial Valley karibu na mpaka, ukazaliwa ukoo mzima wa akina Singh wanaosali Kikatoliki na kuzungumza Kihispania. Uraia ulifunguliwa 1946.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha Dalip Singh Saund. Alikuja 1920 kusoma Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na akalala kwenye nyumba ya wanafunzi iliyokuwa inaendeshwa na hekalu hilo la Stockton. Akapata udaktari wa hisabati 1924. Kazi ya kusomesha hakupewa, akaenda kulima Imperial Valley. Akaja kupata uraia 1949, na 1956 akachaguliwa Bunge la Marekani, Mwasia wa kwanza. Bosi akifika hapo kwenye hotuba yake huwa anapiga usukani. Na ni usukani wa lori langu, yeye amepanda tu.

Samahani kwa urefu, niko Barstow nasubiri kupakiwa tangu alfajiri.

BintiPangani

Kaka DerevaLathrop, Mungu akulinde barabarani. Mume wangu nimemsomea yote, ile ya chapati saba amecheka akasahau kununa. Mawili yamebaki. Hicho kitamu alichosema AbuSwafiya ni nini hasa? La pili, naona Auntie ana kijisu kidogo shingoni chini ya nguo. Mwanangu alikiona siku moja akaogopa.

DerevaLathrop

Dada, kitamu kile kinaitwa karah parshad. Ni halua ya ngano: unga, sukari na samli kwa vipimo sawa, na maji, inakorogwa mpaka samli inaachia. Inagawiwa ukumbini, unakinga viganja viwili unawekewa donge la moto. Sitakudanganya, AbuSwafiya hajakosea: imeombewa, na wakati wa dua inaguswa kwa kisu chao kitakatifu. Na nikisema yote, hata chakula cha chini sehemu yake huwekwa mbele ya kitabu ikaombewa. Kwa hiyo usije ukaniambia baadaye sikukueleza. Ukitaka kukataa halua, kutanisha viganja kifuani kabla hajakufikia, tikisa kichwa kidogo, anapita. Usiipokee halafu ukaitupa, hiyo ndiyo itakayowaumiza. Bora umwambie Auntie mapema.

Kijisu ni kirpan. Waliokula kiapo chao wanabeba vitu vitano: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kaptula ya ndani, na huo upanga mdogo. Mwambie mtoto ni ahadi ya kumlinda mnyonge, si cha kuchomea chungwa wala jirani.

Na ukifika getini ukaona mlinzi, usishtuke. Tarehe 5 Agosti 2012 mtu mwenye chuki aliingia gurdwara ya Oak Creek, Wisconsin, Jumapili asubuhi, wakati akina mama wanapika. Aliua sita, na wa saba alikufa kwa majeraha yale mwaka 2020. Kabla ya hapo, siku nne tu baada ya Septemba 11, 2001, Singasinga mwenye kituo cha mafuta mjini Mesa, Arizona, alipigwa risasi akipanda maua mbele ya duka lake. Aliyemuua alikuwa anatafuta Mwislamu wa kumuua. Kwa hiyo wewe na Auntie mkipita pamoja dukani, anayewatazama kwa chuki hatofautishi hijabu na kilemba. Yeye Auntie analijua hilo miaka mingi kabla hujashuka kwenye ndege.

AbuSwafiya

Ahsante kaka kwa kusema kweli kuhusu kuombewa. Dada, muulize imamu mmoja wa huko karibu. Na nimekumbuka kitu: Maulvi Barkatullah, mwanachuoni wa Bhopal, yuko kaburini Sacramento, si mbali na wewe. Alikuja California 1914 akaungana na hao hao Masingasinga kwenye chama cha Ghadar kupigania India itoke mikononi mwa Waingereza, gazeti lao lilikuwa linachapwa San Francisco tangu 1913. Alifia San Francisco 1927. Kwa hiyo Waislamu wa kukaa nao mkeka mmoja si wewe wa kwanza. Lakini mkeka na sadaka ni mambo mawili, hapo sijahama.

NesiYuba

Habari zenu. Mimi ni muuguzi Yuba City, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini ya Stockton. Dereva amesema vizuri ila amepaka asali kidogo. Ni watu kama watu. Kamati za gurdwara zinachaguliwa kwa kura, na uchaguzi ukikaribia kuna makundi, kuna maneno, wengine wanafikishana mpaka mahakamani. Ukiishi kanisani au msikitini kwenu hayo unayajua. Na wanawake, kwa mafundisho yao ni sawa na wanaume kwa kila kitu, anaweza kusoma kitabu, anaweza kuongoza dua. Hesabu lakini ni wangapi wako kwenye kamati na wangapi wako kwenye chapati. Nilimwuliza mgonjwa wangu mmoja, bibi wa miaka themanini na kitu, akasema, "Kamati hawajui chumvi iko wapi."

Hata hivyo, njoo huku Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nagar kirtan, maandamano ya kitabu. Yuba City ni mji mdogo wa mashamba ya pichi, plamu na jozi, na siku hiyo watu wanaojaa ni wengi kuliko wakazi wake. Walianza mwaka 1980. Kitabu kinapanda gari lililopambwa maua, mbele yake watu wanafagia lami na kuinyunyizia maji, miguu peku, Novemba. Nyuma malori, matrekta, watoto wanacheza na mapanga. Na njia nzima pembeni kuna meza za chakula cha bure, pakora, jalebi, chai, mpaka piza. Unajaribu kupita bila kula, mtu anakuziba njia na sahani. Mimi huwa nafanya zamu ya usiku makusudi ili nitoke asubuhi moja kwa moja na sare yangu.

Februari 2017 bwawa la Oroville lilipotishia kupasuka, tuliambiwa tuhame usiku ule ule, watu zaidi ya laki moja na themanini elfu wa bonde hili. Foleni ya magari haiendi, mafuta hakuna, mimi na mama mkwe mgonjwa kiti cha nyuma. Gurdwara za Sacramento zikatangaza milango iko wazi kwa yeyote. Tulifika saa nane za usiku. Sikumbuki mtu kuniuliza jina. Nakumbuka blanketi la kijani lenye simba, na mtu amepiga magoti anamvua mama mkwe viatu kwa sababu yeye hawezi kuinama. Kesho yake asubuhi foleni ya choo ilikuwa ndefu mno na kuna mtoto alilia usiku kucha. Hayo nayo nayakumbuka.

DerevaLathrop

NesiYuba, hiyo ya chumvi nampelekea bosi. Alishawahi kugombea kamati akakosa kwa kura chache, mpaka leo usimtajie.

BintiPangani

Nimerudi jamani. Leo Jumatatu, niko mapumziko ya chai kiwandani, naandika haraka.

Tulikwenda wote watatu. Mume wangu alisema anatupeleka tu, anabaki garini. Alikaa garini dakika kumi, mzee mmoja akaja kugonga kioo, akamwonyesha ishara ya kula. Akatoka. Maskini alifungwa kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, picha ninayo, haruhusu niitume popote.

Nilipeleka maziwa galoni nne. Yule aliyepokea jikoni alinyanyua mbili kila mkono akapita nazo kama chupa za soda. Mbele sikuinama, nilipita pembeni nikakaa ukutani kwenye magoti mabovu kama ulivyoniambia. Halua ilipokuja nimejiandaa na viganja vyangu kifuani, kumbe Auntie alishamwambia kijana mapema, akaturuka sisi wawili bila hata kusimama. Sikuwa nimemwomba. Mwanangu ndiye aliyegeuka kunitazama kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa.

Chini nilikula dengu na wali wa maziwa. Imamu nilimpigia Ijumaa, aliyoniambia nayaweka kwangu, AbuSwafiya usinune. Mtoto alipewa kazi ya karatasi za kufutia mikono. Alikuwa anawapa watu mojamoja kwa mikono miwili kama anagawa vyeti, na aliyechukua mbili alidaiwa arudishe moja. Kutulia hakutulia, lakini hakuna aliyejua, maana wenzake nao walikuwa wanakimbia.

Kwenye chapati nilikaa na Auntie. Zangu zilitoka duara, kaka Dereva, pole. Ila nilizoea kukunja tabaka, mkono ukakunja wenyewe nikiwa naongea, nikapaka samli katikati. Wakasimama wote kuangalia. Bibi mmoja akasema kitu kwa Kipunjabi, Auntie akanitafsiria, kwamba hiyo ni paratha, inaliwa nyumbani, pale zinahitajika elfu na watu wana njaa, nisukume upesi. Wameniambia Jumapili ijayo niende nyumbani kwa huyo bibi nikawapikie hizo za tabaka. Kengele imelia, narudi kwenye mkanda, Auntie keshavaa glavu.